Namna ya Kupima Mchango wa Uvuvi katika Uchumi wa Mwambao: Mwongozo kutoka Madiko ya Tanga

Mtu akiuliza uvuvi unachangia nini katika uchumi wa Tanga, jibu la haraka ni lile la takwimu za taifa, ambalo husema kuwa sekta hii huchangia chini ya asilimia 2 ya pato la Tanzania. Jibu hilo si la uongo, lakini halimfai mtu anayetaka kuujua mwambao. Sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa nchini hutoka katika maziwa, hasa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, na wastani wa taifa huchanganya Kipumbwi na Dodoma, Sahare na Singida, kana kwamba bahari inawahusu wote kwa kiasi kimoja. Katika vijiji vya pwani vya Mkinga, Muheza na Pangani, na katika mitaa ya Jiji la Tanga inayopakana na maji, ziko nyumba nyingi ambazo sare za shule, bati la paa na hata mahari hutegemea kilichoteremshwa ufukweni asubuhi hiyo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya diwani, mtendaji wa kata, mwanafunzi wa chuo, au katibu wa kikundi cha usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, ambacho kila mvuvi hukiita BMU. Kazi inahitaji daftari, mzani wa kuning'iniza, kalenda ya mwezi mwandamo na uvumilivu wa kuamka kabla ya alfajiri. Jambo moja ningependa msomaji alishike tangu mwanzo, kwa kuwa ndilo linaloongoza hatua zote zinazofuata: thamani ya uvuvi haiishii pale samaki anapotoka chomboni, bali huendelea kukua katika kila mkono anaopitia, na anayepima mnada peke yake huwaacha nje watu wengi kuliko anaowahesabu.

Chagua diko, kisha ujifunze kalenda yake

Usianze na mkoa mzima. Chagua diko moja, yaani mahali vyombo vinapoteremshia samaki, au mwalo kama maofisa wanavyoliandika, na ulijue vizuri. Madiko ya Tanga hayafanani. Deep Sea, lililo jijini, hupokea wanunuzi wenye magari na masanduku ya barafu. Kigombe na Kipumbwi ni vijiji ambavyo uvuvi ndio shughuli iliyovijenga. Moa, huko Mkinga, liko karibu na mpaka wa Kenya, kwa hiyo anayepima huko sharti aulize pia bei ya upande wa pili. Hesabu ya diko moja iliyofanywa kwa makini ina manufaa kuliko makisio ya madiko kumi yaliyofanywa kwa kupita.

Kosa kubwa la wapimaji wageni ni kuja kwa wiki moja, kuandika walichokiona, na kukizidisha mara hamsini na mbili. Bahari haiendi hivyo. Upepo wa kusi, ambao hushika nguvu katikati ya mwaka, huzuia ngalawa na mitumbwi mingi kwenda mbali, wakati kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, huruhusu vyombo vidogo kufika mahali ambapo kwa kusi havithubutu. Ndani ya kila mwezi kuna bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu. Wakati wa bamvua, unaokuja mara mbili katika mwezi mwandamo, maji hupwa mbali sana, miamba huwa wazi, na hapo ndipo wanawake na vijana hushuka kuchokoa pweza kwa mikuki na vyuma. Wakati wa maji mafu shughuli hiyo hupungua hadi karibu kuisha. Wavuvi wa dagaa, kwa upande wao, hufuata giza. Taa zao huvuta dagaa usiku usio na mwezi, na mbalamwezi ikiwa kubwa hubaki nyumbani wakishona nyavu. Tena katika vijiji vingi vya mwambao wetu vyombo haviendi baharini siku ya Ijumaa, au huenda baada ya swala.

Kwa hiyo panga siku zako za kupima zienee katika mwezi mwandamo mzima wa siku ishirini na tisa au thelathini, ukihakikisha una siku za bamvua na za maji mafu, za giza na za mbalamwezi. Kisha urudie kazi hiyo angalau mara mbili kwa mwaka, mara moja wakati wa kusi na mara moja wakati wa kaskazi. Ukipungukiwa na muda, ni afadhali uchukue siku chache zilizotawanyika kuliko siku nyingi zilizofuatana.

Hesabu watu kabla ya samaki

Zunguka diko ukiwa na mtu anayefahamika hapo, ikiwezekana mjumbe wa BMU, na uandike kila chombo kwa aina yake: mtumbwi, ngalawa, dau, mashua, boti ya faiba. Kando ya kila chombo andika zana inayotumika, kama ni mshipi, dema (mtego wa kufumwa), nyavu za kutega, jarife (wavu wa matundu makubwa) au nyavu za kuzungushia dagaa, idadi ya mabaharia wake, na kama kinakwenda kwa tanga au kwa mashine. Serikali hufanya sensa ya uvuvi inayokusanya mambo haya, na ofisa uvuvi wa halmashauri anaweza kukuonyesha ya mwisho ili uilinganishe na uliyoyaona kwa macho.

Baada ya vyombo, hesabu wavuvi wasio na chombo. Hawa ndio wanaosahaulika kuliko wote, kwa sababu mhesabuji husimama pale mashua zinapofunga nanga, wakati wao hupita pembeni kwa miguu. Kuna wachokoaji wa pweza niliowataja, waokotaji wa kome na chaza, na wakulima wa mwani, ambao wengi wao ni wanawake na ambao zao lao huvunwa baada ya takriban wiki sita tangu kufungwa kwenye kamba. Mwani si samaki, na katika makabati ya ofisi unaweza kuwekwa kwenye faili jingine, lakini katika nyumba ya mkulima fedha yake na fedha ya pweza hukaa katika pochi moja. Iandike.

Pima kinachotua, kwa vipimo vya hapo hapo

Hii ndiyo hatua inayochosha, na ndiyo inayoamua kama hesabu yako itaaminika. Diko haliuzi kwa kilo pekee. Changu na tasi wadogo huuzwa kwa mafungu yaliyopangwa juu ya mchanga au meza, wengine hutungwa kwa ukindu na kuuzwa kwa mtungo, dagaa huenda kwa ndoo ya lita 20, na samaki wakubwa kama nguru, jodari na kolekole hunadiwa mmoja mmoja au kupimwa kwenye mzani. Pweza karibu siku zote huenda kwa kilo, kwa kuwa wanunuzi wake wengi hupeleka viwandani.

Usijaribu kuwalazimisha watu wabadili vipimo vyao kwa ajili yako. Omba ruhusa ya kupima ndoo kumi za dagaa kutoka vyombo mbalimbali, mafungu kumi na mitungo kumi, utafute wastani wa kila kimoja, na kuanzia hapo uhesabu ndoo, mafungu na mitungo tu, ukizidisha kwa wastani huo. Rudia upimaji wa wastani kila mara bei inapopanda ghafla, kwa sababu samaki wakiadimika fungu hubaki na jina lake lakini huwa dogo.

Bei nayo ina saa yake. Siku moja niliandika bei ya vibua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikaona kazi imekwisha. Niliporudi saa tano, tenga lile lile lililokuwa halijapata mnunuzi lilikuwa likiuzwa kwa karibu nusu ya bei, kwa kuwa barafu ilikuwa imeisha na macho ya samaki yalikuwa yameanza kufifia. Tangu hapo huandika saa kando ya kila bei. Tofauti kati ya bei ya alfajiri na ya adhuhuri ni kipimo kizuri cha hasara inayotokana na kukosa barafu, na ni namba ambayo halmashauri inaweza kuifanyia kazi mara moja.

Usisahau samaki asiyeuzwa. Kabla ya mnada, kila baharia hutengewa kitoweo cha nyumbani, na wazee, mafundi na majirani waliosaidia kuvuta chombo hupata chao. Kitoweo hicho hakina risiti, lakini ndicho protini ya kijiji. Kipime kwa siku kadhaa na ukithamini kwa bei ya diko ya siku hiyo. Bila hivyo utapata ajabu ya kijiji kinachoonekana kupata kipato kidogo huku watoto wake wakila samaki kila siku.

Fuata fedha ya chombo kimoja

Chukua mashua moja na uombe kuijua safari yake moja kwa ukamilifu. Nahodha wengi watakubali ukiwaeleza sababu na ukiahidi kutoandika jina la mtu. Hapa naweka mfano wa kuonyesha njia ya kukokotoa tu, si takwimu ya diko lolote. Tuchukulie mashua yenye nahodha na mabaharia wanne imeuza samaki wa shilingi 600,000. Mafuta yalikuwa shilingi 90,000, barafu 30,000, chambo na chakula 20,000, na dalali pamoja na ushuru 60,000. Jumla ya gharama ni shilingi 200,000, na kilichobaki ni 400,000. Kwa desturi inayotumika madiko mengi, ingawa viwango hutofautiana, nusu huwa ya tajiri, yaani mwenye chombo, kwa ajili ya chombo, mashine na nyavu, na nusu nyingine hugawanywa mafungu kwa walioingia baharini. Hapo kila mmoja kati ya watano hupata shilingi 40,000, na mara nyingi tajiri humwongezea nahodha kutoka katika sehemu yake.

Sasa jiulize ni shilingi ngapi kati ya 600,000 zilizobaki hapa hapa. Mafuta yametoka mbali, na kinachobaki hapa ni faida ndogo ya muuzaji. Barafu imetengenezwa Tanga, chambo kimenunuliwa kwa mvuvi mwingine wa hapo hapo, chakula kimepikwa na mama lishe wa diko, na ushuru umeingia halmashauri. Fanya hivi kwa vyombo vya aina mbalimbali na utaona jambo ambalo halionekani katika jumla kuu: ngalawa ya mshipi inayokwenda kwa tanga huuza kidogo lakini karibu kila shilingi yake hubaki kijijini, ilhali boti yenye mashine kubwa huuza mara nyingi zaidi na sehemu nzuri ya mapato yake huondoka kwenda kulipia mafuta na vipuri. Sisemi boti isitumike, kwa kuwa bila mashine hatuwezi kuifikia bahari ya mbali na tutaendelea kuisonga miamba ya karibu. Ninachosema ni kwamba ukubwa wa mauzo na ukubwa wa mchango ni mambo mawili.

Kisha mfuate samaki baada ya mnada

Hapa ndipo niliposahihishwa, na ningependa wengine waanze pale nilipofikia kwa kuchelewa. Mara yangu ya kwanza kufanya hesabu ya namna hii nilikaa karibu na dalali asubuhi nzima, nikajumlisha, nikafunga daftari. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa akipara changu kando ya kikaango, alinisalimia na kuniuliza ninaandika nini. Nilipomweleza, aliniambia: "Mwanangu, huko ulikokaa samaki anaanza safari. Njoo ukae hapa uone anakokwenda." Nilikaa. Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimehesabu watu wengi waliopata riziki kutokana na samaki wale wale niliokwisha kuwafungia hesabu.

Mama karanga, kama wanavyoitwa wanawake wanaonunua samaki wadogo na kuwakaanga, ni kiungo cha uchumi huu ambacho hakuna anayeweza kukiruka akapata jibu sahihi. Tuseme, tena kwa mfano tu, amenunua samaki wa shilingi 40,000 mnadani, akatumia mafuta ya kupikia ya 8,000, kuni za 3,000 na kumlipa kijana mparaji 2,000, kisha akauza vyote kwa shilingi 66,000. Jumla ya gharama zake ni 53,000, na kipato chake ni 13,000. Kosa linalofanywa mara nyingi hapa ni kuongeza shilingi 66,000 nzima katika jumla ya diko, wakati 40,000 kati yake imekwisha kuhesabiwa mnadani. Ongeza kile kilichozaliwa baada ya mnada peke yake: 13,000 ya mama, 2,000 ya mparaji, na 3,000 ya muuza kuni kama kuni ni za hapo. Kanuni hiyo hiyo ya kuhesabu nyongeza tu itumike kwa kila anayefuata.

Na wanaofuata ni wengi. Kuna mchuuzi wa baiskeli anayeingia mitaani na tenga lake, na mwenye bodaboda anayewahi basi la Muheza, Korogwe au Lushoto, ambako samaki wa bahari ana bei inayostahili nauli. Kuna wanaokausha ng'onda kwa chumvi na jua, na wanaobanika papa na samaki aitwaye taa. Upande wa dagaa peke yake kuna wabebaji wanaolipwa kwa ndoo, wanaochota maji, wanaochemsha kwa maji ya chumvi, wanaoanika kwenye chanja na kugeuza, na wanaopakia magunia. Mzigo mkavu huweza kwenda hadi Kongo. Unapokutana na dagaa mkavu, kumbuka kuwa kilo moja yake imetokana na kilo tatu hadi nne za dagaa mbichi, ili usichanganye uzito wa aina mbili katika safu moja.

Rudi pia nyuma ya chombo, kwa watu wanaokiwezesha kwenda. Fundi anayechonga ngalawa kwa gogo la mwembe, anayekalafati mashua, yaani kuziba nyufa zake, kwa pamba, fundi mashine, mshona nyavu na muuza barafu wote wanaishi kwa uvuvi hata kama hawajawahi kushika mshipi. Waulize swali moja tu: kati ya kazi kumi ulizofanya mwezi huu, ngapi zilikuwa za wavuvi?

Toa kile ambacho bahari imepoteza

Mfugaji akiuza mitamba yake yote kwa siku moja atakuwa na fedha nyingi jioni ile, lakini hakuna atakayesema kuwa ametajirika. Hesabu ya uvuvi isiyotazama bahari yenyewe humwona mfugaji wa namna hiyo kuwa tajiri. Tanga inalijua jambo hili kwa uchungu, kwa kuwa pwani yetu ni miongoni mwa zilizoumizwa sana na uvuvi wa baruti, ambao sheria ya nchi ilikwisha kuupiga marufuku tangu mwaka 1970 na ambao Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaendelea kuukataza. Bomu moja huua samaki wa sokoni pamoja na makinda, na huvunja mwamba ambao ulihitaji miaka mingi kukua. Samaki wa baruti hutambulika: nyama yake hulegea mapema, na ukimpasua utakuta uti wa mgongo umekatika na damu imevilia ndani. Ukimkuta katika siku zako za kupima, muandike katika ukurasa wake na usimjumlishe na mapato, kwa kuwa huo ni mtaji uliokatwa. Fanya vivyo hivyo kwa samaki wachanga wa juya, wavu unaokokotwa hadi ufukweni.

Kipimo rahisi cha afya ya bahari ni wastani wa kilo kwa chombo kwa safari. Jumla ya diko inaweza kupanda kila mwaka kwa sababu tu vyombo vimeongezeka, huku kila chombo kikipata kidogo kuliko zamani na kikienda mbali zaidi kwa mafuta mengi zaidi. Waulize wazee walipokuwa wakitia nanga walipokuwa vijana, na walio chomboni leo wanakotia nanga, na uandike majibu yote mawili.

Weka pia katika hesabu maeneo yaliyofungwa, kwa pande zote mbili. Kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani kilitangazwa hifadhi mwaka 1975, na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilianzishwa mwaka 2009, baada ya jarife zilizotegwa kwenye kina kirefu kuanza, tangu miaka ya 2003 na 2004, kunasa silikanti, samaki ambaye wataalamu wa dunia walidhani ametoweka hadi alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Kufunga eneo huwagharimu wavuvi waliolizoea, na gharama hiyo iandikwe kwa haki. Faida nayo iandikwe, na katika hili pweza ni mwalimu mzuri: hukua upesi na huishi kwa takriban mwaka mmoja tu, kwa hiyo kijiji kinachokubaliana kuufunga mwamba kwa miezi mitatu huweza kupima tofauti ya uzito siku ya kufungua, kwa mzani ule ule.

Peleka hesabu pale inapohitajika

Namba hizi zina kazi nyingi. Kikundi cha wanawake wa dagaa kinachoomba mkopo wa halmashauri hueleweka zaidi kikionyesha mapato ya kusi na ya kaskazi kwa nyakati tofauti, ili marejesho yapangwe kufuatana na bahari. Diwani anayedai mtambo wa barafu huwa na hoja akiwa na safu ya bei za alfajiri na za adhuhuri. Na pale ujenzi mkubwa unapogusa maji ya wavuvi, katika mwambao huu ambako bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, swali la kwanza katika kila mazungumzo ya fidia ni mvuvi alikuwa akipata nini hapo kabla. Mwenye daftari la miaka mitatu hulijibu. Asiye nalo hukadiriwa na wengine, na mchokoaji pweza asiye na chombo wala leseni ya kuonyesha huwa katika hatari ya kuachwa kabisa.

Kabla ya kuipeleka popote, irudishe hesabu diko. Waombe BMU waitishe kikao siku ambayo vyombo havitoki, waalike mabaharia, madalali, mama karanga na mafundi, na uisome jumla kwa sauti, aina moja ya chombo baada ya nyingine. Watakupinga mahali fulani. Nahodha mmoja atasema mafuta uliyoandika ni ya masafa mafupi, na mama mmoja atauliza mbona maji anayonunua kwa madumu hayamo. Sahihisha mbele yao kwa kalamu, acha nakala ofisini kwa katibu, na mkubaliane nani atashika mzani msimu ujao.